Soko Lenye Sauti: Mustakabali wa Redio ya Mazungumzo ya Biashara

Wahakiki wa nchi yetu wamezoea kupima mashairi, riwaya, tamthilia na ngoma. Ni mara chache wameitegea sikio redio kwa nia hiyo hiyo, ingawa redio ndiyo shule ya Kiswahili ya watu wengi ambao hawajapata kufungua kitabu tangu walipoiaga darasa. Katika makala hii tunakusudia kuizungumzia redio ya aina moja tu, nayo ni redio ya mazungumzo ya biashara: kituo ambacho tangu alfajiri hadi usiku hakipigi muziki wala hakitangazi mpira, bali huzungumza habari za bei, mitaji, mikopo, kodi, mavuno na masoko. Vituo vya namna hiyo vimekwisha kusimama katika nchi nyingine. Kwetu Tanzania vipindi vya biashara vimo katika redio mbalimbali, tena vinaongezeka. Na swali linaloulizwa ni kama kituo kizima cha biashara, kinachosema Kiswahili, kinaweza kuishi.

Majibu mawili husikika. Wa kwanza husema hakiwezi, kwa kuwa wananchi wanataka burudani, na mtu aliyechoka kuuza mchana kutwa hatataka kusikia habari za kuuza usiku. Wa pili husema kitashinda bila shaka, kwa kuwa nchi imejaa wafanyabiashara. Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yameruka jambo lililo kubwa. Redio ya muziki ikiishiwa na maneno huweka wimbo, na msikilizaji hatambui upungufu wake. Redio ya mazungumzo ikiishiwa na maneno imefunga duka, kwani maneno ndiyo bidhaa yake ya pekee. Kwa hiyo mustakabali wa redio hiyo hautaamuliwa na mitambo, wala na wingi wa matangazo ya kulipiwa, kabla haujaamuliwa na lugha yake: inasema na nani, kwa maneno gani, na je, yule anayeambiwa ana nafasi ya kujibu?

Idhaa ya Biashara na redio ya biashara

Yafaa kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo majina yake yamefanana. Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali moja kwa moja. Radio Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Nje, na Idhaa ya Biashara. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri Idhaa ya Biashara. Lakini iliitwa hivyo kwa sababu ilipokea matangazo ya kulipiwa, ya sabuni, vitambaa na mafuta ya kupikia, yakipita katikati ya muziki na salamu. Ilifanya biashara, haikuwa kazi yake kuijadili biashara.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na Radio One ikaanza kusikika mwaka 1994. Tangu hapo vituo vimeongezeka hata kupita mia moja, na karibu vyote ni vya kibiashara kwa maana ile ya Idhaa ya Biashara: vinaishi kwa matangazo ya kulipiwa. Hii tunayoijadili ni redio ya maana ya pili. Biashara ndiyo mada yake, kama vile dini ilivyo mada ya redio za dini. Na hapa ndipo ilipo hatari yake ya kwanza. Kituo kinachoijadili biashara huku kikiishi kwa fedha za wafanyabiashara kina mabwana wawili, na mara nyingi yule anayelipa ndiye anayesikilizwa. Tutarudi kwenye jambo hili.

Kiswahili na maneno ya soko

Wako wanaodhani kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na salamu, na kwamba mambo ya fedha yanahitaji Kiingereza. Dhana hiyo haina msingi. Kiswahili kilikua pwani, katika bandari, penye majahazi na mizani. Maneno bei, soko, mnada, dalali, rehani na riba yametoka Kiarabu. Duka, pesa, hundi, bima na laki yametoka Bara Hindi. Na yote yamekaa kinywani mwa Mswahili hata hayakumbuki tena kwao. Lugha iliyojua kuweka rehani, kuandika hundi na kunadi mali karne nyingi zilizopita haiwezi kuitwa changa mbele ya benki.

Maneno mapya nayo yametungwa kwa ustadi. Hatifungani ni hati inayomfunga aliyekopa alipe. Mtu akilisikia neno hilo mara moja amekwisha kupata nusu ya maana yake. Mfumuko wa bei humkumbusha msikilizaji mshono unaofumuka mpaka nguo haifai tena. Hisa ni fungu, na gawio ni kile kinachogawiwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kazi ya kuuza na kununua mwezi wa Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu ya TOL, maneno hayo yalikuwa tayari yakingoja kutumiwa.

Taabu yetu kubwa zaidi ni kwamba maneno ya biashara yamebeba hukumu. Neno bepari hapo kale lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, nalo lina asili ya Kihindi. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa na harufu nyingine: bepari alikuwa mnyonyaji. Katika vita dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, neno lililovuma lilikuwa mlanguzi. Kisha yakaja mageuzi ya uchumi tangu mwaka 1986, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na pole pole likaingia neno mjasiriamali, ambalo ndani yake mna ujasiri na mali pamoja. Mtu mmoja, aliyekaa kwenye meza ile ile ya mbao, akiuza sukari ile ile, ameitwa kwa laana na ameitwa kwa sifa, wala hakuna aliyemuuliza mzani wake unapima sawa au la.

Hatusemi kwamba walanguzi hawakuwapo, wala kwamba hakuna wajasiriamali leo. Tunachosema ni kwamba neno lililokwisha kuhukumu humzuia mtu kuchunguza. Redio ya biashara inayotaka kuaminiwa haina budi kupata majina yasiyolaani wala kubembeleza: muuza nyanya aitwe muuza nyanya, mkopeshaji aitwe mkopeshaji, na riba yake itajwe kwa hesabu.

Makosa matatu ya mazungumzo yetu ya biashara

Tukivisikiliza vipindi vya biashara tulivyo navyo, tunayaona makosa matatu yanayorudi mara kwa mara. Inafaa kuyaeleza, maana kituo kizima kitakachosimama juu ya makosa hayo kitayazidisha mara ishirini na nne kwa siku.

Kosa la kwanza ni mahubiri. Mgeni huketi mbele ya kipaza sauti akawaambia vijana wathubutu, waamke mapema, waachane na marafiki wavivu, waamini kwamba utajiri umo ndani yao. Maneno haya si mabaya, lakini si habari. Mwenye genge aliyefilisika hakufilisika kwa kukosa ujasiri. Mara nyingi alikuwa na ujasiri mwingi mno. Alifilisika kwa kuwa alikopesha wateja bila kuandika, au alikula mtaji akidhani ni faida. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo moja, ikifafanuliwa kwa mfano wa daftari la siku saba, lenye safu ya kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, ina manufaa kupita saa nzima ya hamasa.

Kosa la pili ni Kiswahili cha kuazima mifupa. Hapa hatuzungumzii tu ule mtindo wa kuchanganya Kiingereza na Kiswahili, ambao kila mtu huulalamikia. Tunazungumzia sentensi ambayo kila neno lake ni la Kiswahili, lakini fikra yake haijawahi kuishi katika lugha hii. Tuchukue sentensi hii, ambayo tumeitunga wenyewe kwa mfano: "Soko limefunga katika eneo hasi kufuatia wawekezaji kuchukua faida." Msikilizaji wa Kahama au wa Tandahimba atayatambua maneno yote wala hataelewa chochote. Atadhani kwamba kuna soko lililofungwa milango yake.

Sasa tuiseme habari ile ile hivi: "Leo hisa za makampuni mengi zimeuzwa kwa bei ndogo kuliko jana. Watu waliozinunua zamani kwa rahisi wameamua kuziuza wapate faida yao. Na wauzaji wakizidi wanunuzi bei hushuka, kama inavyoshuka bei ya nyanya siku malori matatu yakifika sokoni kwa pamoja." Habari imekuwa ndefu kidogo, lakini imefika. Tena haikupunguzwa elimu yake hata chembe. Bali imeongezewa sababu, ambayo ile ya kwanza iliificha. Mtangazaji anayetumia sentensi ya kwanza husingizia kwamba somo ni gumu. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe huenda hajalielewa, na lugha ya kuazima imemsaidia kuificha hali hiyo.

Kosa la tatu linahusu namna ya kujibizana. Wasomaji wetu waalimu wanaijua ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliikuza, na ambayo baada ya mwaka 1967 ilitumika sana kueneza siasa ya Ujamaa mashuleni na vijijini. Katika ngonjera ya aina ile, asiyejua hubishana na mwenye kujua, na mwishoni asiyejua hukubali na kushukuru. Ni sanaa nzuri ya kufundishia. Lakini vipindi vingi vya biashara vimeichukua sura hiyo bila kujitambua: mtaalamu wa benki ndiye mwenye kujua, msikilizaji aliyepiga simu ndiye mjinga, na simu hukatwa pindi mjinga anapoanza kuuliza swali la pili. Utenzi wetu wa kujibizana una mila nyingine pia, ya malenga wanaolumbana wakiwa sawa, kila mmoja akiwa na haki ya kushinda. Redio ya mazungumzo inahitaji mila hii ya pili. Mama lishe anayemuuliza afisa wa mikopo kwa nini deni la laki tatu limekuwa laki tano hana haja ya kuelimishwa kwanza. Anahitaji hesabu isomwe hadharani, na kama hesabu ina makosa, afisa ndiye aseme ahsante.

Je, wasikilizaji wapo?

Wale wanaosema kwamba wananchi hawataki mazungumzo ya fedha na wayatazame mambo yaliyotokea karibuni. Mwezi wa Julai 2021 serikali ilipoanza kutoza miamala ya simu, neno tozo lilitoka katika vitabu vya sheria likaingia vijiweni, kwenye daladala na majikoni. Watu ambao hawakuwahi kuisoma bajeti waliweza kueleza, kwa shilingi kamili, tofauti ya kutuma elfu kumi na kutuma elfu hamsini. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo tozo hizo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Lugha ya kodi haikuwa ngumu hata kidogo pale ilipogusa mfuko.

Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Huko wafanyabiashara walishika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine, wakaeleza habari za kodi, za kusajili stoo na za kamatakamata. Walisema kwa Kiswahili fasaha, kwa mifano na kwa tarakimu, na wengine kwa mizaha iliyochoma kuliko hasira. Kwa mhakiki wa lugha, siku ile ilikuwa ushahidi mkubwa kwamba mazungumzo ya biashara kwa Kiswahili yapo tayari, yana wasemaji wake, na yana wasikilizaji. Kilichokosekana ni mahali pa kuyafanya kabla maduka hayajafungwa.

Tutoke mjini sasa, twende kusini kwenye korosho, kwa kuwa sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu milioni 61.7, ilionyesha pia kwamba Watanzania wengi bado wanaishi vijijini. Msimu wa mwaka 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi mnadani, na mwezi wa Novemba serikali ikaamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Nchi nzima ilizungumza habari ya bei ile. Lakini bei ya mnadani ni mwanzo tu wa hesabu. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka mzigo wake chama cha msingi, mzigo ukapimwa na kupelekwa ghala kuu, wanunuzi wakashindana mnadani, kisha hukatwa usafiri, magunia, gharama za ghala, ushuru wa halmashauri na fungu la vyama. Kinachobaki ndicho anachopokea, na mara nyingi baada ya kungoja. Katika muda huo wa kungoja ndipo kangomba hustawi, yaani biashara ya kununua korosho za mkulima kwa bei ya chini nje ya utaratibu, kwa kuwa shida yake haiwezi kusubiri. Redio inayotangaza bei ya mnada peke yake imemwambia mkulima urefu wa mti bila kumwambia matunda yako wapi. Redio inayosoma kila makato kwa jina, mnada kwa mnada, chama kwa chama, ingesikilizwa Newala na Masasi kwa makini kuliko mpira.

Hali kadhalika na lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita mdomo wake hata likafungwa kwa kamba kama kilemba. Sheria ya vipimo inalikataza, na Wakala wa Vipimo hupita kulikamata, lakini bado lipo. Mtangazaji anayesema kwamba gunia la viazi leo ni shilingi kadhaa bila kutaja kilo hajasema kitu. Tena ameusaidia udanganyifu, maana ameupa jina la bei. Neno debe, fungu, gunia na kiroba ni maneno mazuri ya lugha yetu. Kazi ya redio ya biashara ni kuyashikilia mpaka yataje uzito wake.

Nani atalipa?

Tulisema kwamba kituo hiki kina mabwana wawili. Hapa yatupasa tuitazame nchi ambako redio ya namna hii imeota mizizi, tujifunze imesimamaje. Huko New York, Michael Bloomberg alianzisha kampuni mwaka 1981 ya kuwauzia mabenki mashine za kuonyesha bei na habari za masoko. Mwaka 1992 kampuni hiyo ikanunua kituo cha redio cha WNEW, kilichopata sifa kwa muziki, ikakibadili kuwa WBBR, kituo cha habari na mazungumzo ya fedha. Kituo hicho kipo mpaka leo. Lakini chanzo kikubwa cha mapato ya kampuni ni zile mashine, ambazo wateja huzilipia kwa fedha nyingi kila mwaka. Redio ni kama taa iliyowashwa mlangoni mwa duka. Humulika jina la mwenye duka, wala hailazimiki kujilipia mafuta yake yenyewe. Msikilizaji wake naye ni mtu wa benki na wa hisa.

Kwetu hakuna duka la namna ile nyuma ya taa, na msikilizaji wetu ni mwingine. Kwa hiyo kituo kitayaangalia matangazo ya kulipiwa, na wanaoweza kulipa sana ni mabenki, makampuni ya simu, wakopeshaji na michezo ya kubahatisha. Fikiria basi kituo kinachomfundisha kijana kuweka akiba saa tatu, kisha saa tatu na robo kinamwita abashiri matokeo ya mechi. Fikiria kituo kinachotakiwa kueleza mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, huku mkopeshaji ndiye anayelipia kipindi. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mitandaoni zilizofanya kazi bila leseni. Orodha kama ile ilipaswa kusomwa redioni kila siku kwa mwezi mzima, pamoja na maelezo ya namna ya kuitambua leseni. Ni kituo kisicho na deni kwa mkopeshaji ndicho kitakachothubutu.

Historia imetufundisha gharama ya kukaa kimya. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha shughuli za DECI, mpango uliowafanya watu wengi watoe fedha wakiahidiwa kupata zaidi kutoka kwa watakaoingia baada yao. Kilichowavuta watu kilikuwa sitiari. Kutoa fedha kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Kwa taifa la wakulima hakuna sitiari tamu kuliko hiyo, wala yenye udanganyifu kuliko hiyo, kwani mbegu huota ardhini kwa mvua na jasho, na fedha ile haikupandwa mahali popote. Ilihamishwa tu kutoka mfuko wa aliyechelewa kwenda mfuko wa aliyewahi. Mhakiki mmoja wa lugha, akiwa na robo saa ya redio kila jioni, angeweza kuuliza swali moja: shamba liko wapi? Hiyo ndiyo kazi ambayo redio ya biashara ingeifanyia nchi, na ndiyo sababu tumeiandikia katika kitabu cha utamaduni. Ulinzi wa mali ya maskini huanza katika ulinzi wa maneno anayoambiwa.

Somo kutoka vikundi vya kusikiliza

Huenda msomaji akauliza: pasipo wafadhili hao, kituo kitaishi vipi? Hatuna dawa ya mara moja, lakini tunao mfano wa nyumbani. Kati ya mwaka 1969 na 1975 nchi yetu iliendesha kampeni za elimu kwa redio: Kupanga ni Kuchagua, Wakati wa Furaha, Mtu ni Afya, Chakula ni Uhai. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilishirikisha watu wapatao milioni mbili. Walikaa vikundi vikundi mbele ya redio moja wakiwa na kijitabu na kiongozi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Nguvu ya kampeni ile haikuwa katika sauti ya mtangazaji peke yake. Ilikuwa katika kikundi kilichobaki kikizungumza baada ya redio kuzimwa.

Leo vikundi vipo tayari, tena vyenye fedha zao: VICOBA, SACCOS, vyama vya ushirika vya mazao, na vyama vya kuzikana ambavyo hukopeshana. Kituo kinachovifanya vikundi hivyo kuwa wasikilizaji wake wa kudumu, kikavipa nafasi ya kutuma maswali kwa simu, na kikapokea mchango mdogo wa kila kikundi, kitakuwa na bwana wa tatu, ambaye ni msikilizaji mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Mchango wa vikundi hautafukuza matangazo ya mabenki, wala hakuna haja ya kuyafukuza; utakipa kituo uwezo wa kulikataa tangazo moja baya bila kufa njaa.

Waalimu na wanafunzi wana nafasi yao pia. Mwanafunzi wa sekondari husoma somo la biashara kwa Kiingereza darasani, kisha jioni humsaidia mama yake gengeni kwa Kiswahili. Elimu mbili hizo hulala katika kichwa kimoja bila kujuana. Hajui kwamba safu mbili za daftari alizochora darasani ndizo dawa ya deni la nyumbani kwao. Redio ya biashara yenye Kiswahili safi ingekuwa daraja kati ya ubao na genge. Tungependa mwalimu awape wanafunzi wake zoezi hili: wasikilize kipindi kimoja cha biashara, waandike kila neno ambalo mama muuza genge asingelielewa, kisha wayaandike upya maelezo yale kwa namna atakayoielewa, bila kupunguza ukweli wake. Watajifunza biashara na lugha kwa pamoja, na huenda wakaigundua sentensi ambayo mtangazaji mwenyewe hakuielewa.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunaamini kwamba redio ya mazungumzo ya biashara inaweza kuishi Tanzania, kwa kuwa wasikilizaji wapo, haja ipo na maneno yapo. Lakini haitaishi ikiwa ni mimbari ya kuhubiri utajiri, au ikiwa ni mwangwi wa masoko ya mbali unaosemwa kwa Kiswahili cha mifupa ya kuazima, au ikiwa ni ngonjera ambayo benki hushinda kila siku. Kituo cha aina hiyo kitapata wafadhili kwanza, kisha kitakosa wasikilizaji, na mwisho kitawakosa wote wawili.

Tunawasihi wenye nia ya kukianzisha watangulize lugha katika bajeti yao, kama wanavyotanguliza mnara. Waajiri watangazaji wanaojua kusoma mizania na pia kusikia methali. Washirikiane na Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1967, katika kusanifu istilahi. Na kila jioni, kabla hawajafunga matangazo, wasome bei ya gunia pamoja na kilo zake, jina la chama pamoja na makato yake, na jina la mkopeshaji pamoja na riba yake. Wakulima, wamachinga na mama lishe watakaosikia hesabu zao zikisomwa kwa lugha yao hawatahitaji kuhimizwa wafungue redio.